Kumuuliza Desideri Kama Yumo

Wengi mmeniuliza safari ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu "salama" na kubadilisha mazungumzo. Si haki, maana mlinichangia sala na mkanitunzia kuku wiki nzima. Basi naandika mara moja, kila mtu asome. Kwa mdomo nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili sikufika mwisho.

Baadhi yenu hamkumjua Desideri. Tulilala chumba kimoja chuoni miaka minne, yeye Mfipa wa Rukwa, mimi wa hapa hapa Morogoro, wote tukisoma falsafa. Mimi nikabaki kuifundisha. Yeye akaenda kufundisha sekondari Mbeya, akaoa huko huko. Mwaka jana mwishoni alianguka na pikipiki kwenye mteremko. Alitoka hospitali akiwa hai, macho yanafunguka asubuhi na kufumba usiku, uji wa kijiko anameza, lakini hasemi, hashiki kitu, ukimwita hageuki. Ndugu zake wakamrudisha kwa mama yake, Ufipa. Ilipofika miezi minane, mkewe Atupele akanipigia simu.

"Shemeji," alisema, "wewe ndiye uliyesomea haya mambo. Njoo utuambie kama yumo."

Kama yumo. Swali hilo nimelifundisha miaka ishirini na mbili. Utajuaje kwamba mwenzako ana ndani, kwamba nyuma ya macho yale kuna mtu anayeona? Huwa nawaambia wanafunzi wafikirie msukule aliyetengenezwa vizuri mno, anasalimia, anacheka, anakwenda sokoni, ila ndani hamna mtu. Je, utamtofautishaje na jirani yako? Wanafunzi hucheka, kila mwaka pale pale. Sikumwambia Atupele kwamba swali hilo nimelifundisha tu, sijawahi kulijibu.

Morogoro hadi Mbeya

Ilikuwa safari yangu ndefu ya kwanza tangu mke wangu afariki. Nilikaa dirishani. Kiti cha pembeni yangu kilikaliwa na watu wanne kwa zamu, na hakuna aliyefika nami mwisho. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinieleza ugonjwa wa baba yake kuanzia Mikumi, akashuka kabla hajasema kama mzee alipona.

Kitonga tulikwama saa tatu nzima. Lori lilikuwa limezima katikati ya kona, na magari yakapangana nyuma yake kama siafu. Watu walishuka, wakafahamiana, wakagawana machungwa. Mimi nilizunguka basi mara kadhaa nikijifanya nanyoosha miguu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nitamwambiaje Atupele nikiona hayumo? Nitamwambiaje nikiona yumo? Sentensi zote zilisikika kama za darasani.

Ilula basi liliposimama, wauzaji walipandisha vitunguu madirishani, nikanunua ndoo nzima kwa mazoea. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiniagiza vitunguu vya Ilula kila nilipopita. Tulishaanza kuondoka ndipo nikajikuta nimeikumbatia ndoo mapajani, sijui nampelekea nani. Mbeya nilifika giza limeingia. Nikalala gesti karibu na stendi, nikiwa na ile ndoo chini ya kitanda.

Tunduma, halafu Laela

Kutoka Tunduma barabara inaachana na malori ya Zambia, dunia inanyamaza. Uwanda wa Ufipa hauna haraka. Mahindi yalikwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu, na ulezi umeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba. Upepo ulikuwa wa baridi ya mwezi wa saba, unaopita kwenye sweta kama haulioni.

Laela rejeta ikatoboka. Dereva alisema nusu saa, na tulikaa saa tano. Mji wote ulikuwa magunia ya mahindi, juu yake wanunuzi, pembeni mizani. Nikaingia kwa mama ntilie mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akanipa ugali wa ulezi, maharage, na dagaa wa Kasanga.

"Baba unakwenda kumwona mgonjwa," alisema. Hakuuliza.

"Umejuaje?"

"Mtu anayekwenda arusini hali hivyo."

Nikamwambia. Rafiki yangu, amepoteza fahamu, miezi minane.

Akaweka upawa chini. "Macho yanafunguka?"

"Yanafunguka."

"Chakula anameza?"

"Anameza."

"Baba, pole. Huyo wamemchukua. Ninyi mmeachiwa gamba."

Mwanamume wa meza ya pili, mnunuzi wa mahindi, akasogeza kiti. Alikuwa ameshaelewa kwamba natafuta mganga. Akaniambia nisiende kwa wale wa mjini Sumbawanga, ni matapeli, yeye anamjua mmoja wa kweli, na akatoa simu anipe namba. Nilimweleza kwamba hapana, mimi ni mwalimu wa falsafa, nimeitwa kuangalia kama mgonjwa ana fahamu.

"Falsafa," alisema taratibu. "Ni dawa ya kunywa au ya kuchanja?"

Kibanda kizima kikacheka, nami nikacheka. Ila yule mama hakucheka. Alinijazia maharage, akauliza, "Sasa ukimkuta ni gamba, utafanyaje? Utawaambia waache kumlisha?"

"Hapana!"

"Na ukimkuta yumo, utafanyaje?"

Nilimeza tonge. Aliniongezea chai, akaenda kuhudumia wengine.

Sumbawanga

Niliingia Sumbawanga jioni. Kijana wa bodaboda alinipokea begi, "Mambo vipi mshua, karibu Sumbawanga, baridi umeileta wewe?" Nikamjibu poa, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yangu ya mwisho kwa siku hiyo. Kwenye hoteli nilipokula mgebuka wa kukaanga, samaki wa Ziwa Tanganyika, meza zote zilikuwa zikizungumza Kifipa. Si kwa kunitenga. Watu walikuwa wamemaliza kazi, wamerudi kwenye lugha yao, kama mtu anavyovua viatu. Nilikula nikiwasikiliza, sauti zote nazisikia na neno hata moja silipati.

Ujumbe wa Atupele uliingia: "Shemeji usichelewe. Jumatatu natakiwa nimeripoti kazini Mbeya. Likizo zote nimemaliza." Hiyo ilikuwa Jumatano.

Kijijini

Kijiji chenyewe kiko upande wa barabara ya Kasanga, kabla nchi haijaanza kuporomoka kwenda ziwani. Nilishuka kwenye gari la abiria njia panda, nikapanda bodaboda, ndoo ya vitunguu mapajani. Aliyenipokea ni mama yake Desideri, mwembamba, rozari shingoni, kitenge juu ya koti la kiume.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekuja." Akapokea vitunguu kwa mikono miwili, akavitazama sana. "Hivi vimetoka mbali."

Atupele alitoka nyuma yake, amekonda. Kaka mkubwa, Gaudensi, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alinishika mkono kwa heshima, akarudi kwenye mahindi yake.

Desideri alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao karibu na dirisha, amenyolewa vizuri. Nilitegemea nitamwona mgonjwa. Nilimwona Desideri. Macho yake yalikuwa wazi yakitazama sehemu fulani juu ya bega langu. Nikasema, "Desi, ni mimi, Marko." Nikasubiri. Mbu mmoja alitua shavuni mwake, akakaa, akaruka.

Daktari mmoja rafiki yangu alikuwa amenielekeza namna ya kupima. Unamwambia mgonjwa: kama jibu ni ndiyo, tazama juu, kama siyo, tulia. Unamuuliza mambo ambayo jibu lake unalijua, unahesabu. Kwa siku mbili nilikaa kwenye kigoda na daftari. Je, jina lako ni Desideri? Je, jina lako ni Petro? Je, mkeo ni Atupele? Je, tulisoma pamoja? Kuna wakati macho yalipanda, nikaweka alama haraka. Kisha yakapanda vile vile nilipomuuliza kama yeye ni mwanamke. Mara moja machozi yalimtoka, nikamwita Atupele kwa kelele, naye akayapangusa kwa kitambaa bila kubadilika uso. "Yanatoka hivyo kila siku, shemeji. Upepo huo."

Ijumaa jioni nilihesabu. Nusu sahihi, nusu siyo. Ningerusha sarafu ningepata yale yale.

Atupele alikuja nikiwa nimesimama nje kwenye baridi. "Basi sema."

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Huenda yumo. Huenda hayumo. Hakuna kipimo nilichonacho cha..."

"Shemeji." Alinikatiza kwa sauti ndogo. "Hiyo 'sijui' hata mimi nilikuwa nayo. Nimelala na 'sijui' miezi minane. Wewe umetoka Morogoro kuja kunipa ya pili?"

Akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi. Gaudensi, aliyekuwa karibu, alisema bila kunitazama, "Usijilaumu, Mwalimu. Sisi ukoo tulishakubaliana. Mwanamke aende kazini kwake, bado kijana. Sisi tutamtunza huyu kama watu wanavyotunza kaburi."

Nilikaa nje mpaka vidole vikafa ganzi. Niliwaza jinsi nilivyozoea kuwaambia wanafunzi kwamba kila mtu amefungiwa ndani yake peke yake. Nilikuwa nasema vizuri, kwa mifano. Sikujua kwamba jambo hilo lina baridi kiasi kile.

Jumamosi asubuhi

Niliamka nikiwa sina kazi, nikaingia chumbani kuaga. Mama alikuwa akimwogesha mwanawe kwa maji ya uvuguvugu, anazungumza naye Kifipa, taratibu, hana haraka. Nilikuwa nimemsikia hivyo siku zote, nikaichukulia kama sala. Siku hiyo, kwa kuwa sikuwa na daftari, nilitazama. Alisema kitu, akanyamaza. Akamtazama usoni. Kisha akaweka chini shati la bluu, akachukua la kijani. Akasema kitu tena, akanyamaza, akatazama, akafunga dirisha.

"Mama," nikasema, "unapokuwa umenyamaza hivyo, unangoja nini?"

"Nangoja anijibu."

"Huwa anajibu?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekanyaga mkeka na viatu. "Tangu Kwaresima. Niliwaambia. Wakasema mama ana uchungu, mwacheni."

"Siku mbili nakaa hapa, mbona hukuniambia?"

"Baba, wewe hukuniuliza mimi. Ulikuwa unamuuliza yeye. Tena kwa Kiswahili."

Jamani, nilikaa chini. Tulipokuwa chuoni Desideri alikuwa akizungumza usingizini, sentensi ndefu za Kifipa, na asubuhi nilimwigiza nikimcheka. Miaka minne. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja maana yake ni nini.

Nikamwita Gaudensi. Nilimwomba Mama atoke nje kabisa, aende kwa jirani, ili mtu asije akasema ni yeye anayemwashiria. Nikamwandikia Gaudensi maswali kumi, mengine ya mambo ya nyumbani aliyonitajia mwenyewe, baadhi ya ndiyo, baadhi ya siyo, nimeyachanganya. Nikamwomba amweleze kwanza kwa Kifipa ile kanuni ya macho, kisha ayaulize kwa lugha hiyo hiyo, mimi nisimame mahali nisipoonekana, nitazame macho tu. Gaudensi alikuwa anatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemtimizia mgeni.

Swali la kwanza, macho yakapanda. La pili, yakatulia. La tatu yakatulia. Kufikia la tano Gaudensi hakuwa anatabasamu. Tisa kati ya kumi yalikuwa sahihi, na lile la kumi, kama ng'ombe wao mwekundu bado yupo, macho yalipanda; Gaudensi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba waliuza ng'ombe huyo baada ya ajali. Desideri asingeweza kujua.

Gaudensi aliiweka karatasi kitandani. Nilidhani atapiga kelele za furaha. Alipiga magoti. Alishika mguu wa mdogo wake juu ya blanketi, akasema maneno mengi kwa Kifipa, huku machozi yakidondoka sakafuni. Atupele alikuja mbio, tukasimama wawili mlangoni bila kuelewa. Gaudensi alipoweza kuzungumza Kiswahili alitueleza. Vikao vya ukoo walivifanyia mle chumbani. Kwa ajili ya Atupele, asiumie, walikuwa wanaviendesha kwa Kifipa. Walikuwa wamezungumza kaburi litakaa upande gani wa migomba, na shamba la bondeni nani atalima. Mara nne. Juu ya kichwa chake.

"Nimemwomba msamaha," alisema. "Nimemuuliza kama amenisamehe."

"Akasema?"

"Ametulia tu." Alijipangusa. "Nitamuuliza tena kesho."

Atupele hakutaka mtu amtafsirie. Alimfuata Mama jikoni, nikawasikia wakirudia sentensi moja, Mama akimsahihisha, yeye akikosea, kwa nusu saa. Kisha akaja, akakaa kitandani, akaisema. Hata mimi nilisikia kwamba ameisema vibaya. Mama aliniambia maana yake: mimi ni mke wako, bado unanijua?

Macho yalipanda. Yakakaa juu muda mrefu, yakitetemeka kwa jitihada, kisha yakashuka.

Atupele alilia kwa namna ambayo sitaieleza. Alipotulia alisema jambo moja ambalo nalifikiria mpaka leo: "Miaka kumi na moja tumeishi kwa Kiswahili. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Sasa yumo humo na mimi sina ufunguo." Mama alimkumbatia. "Utajifunza," alisema. "Mimi Kiswahili nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa ajili yenu."

Swali langu

Jumapili, kabla sijaondoka, nilimwomba Gaudensi aulize la kwangu. Nimesita kuliandika hili, lakini ndilo lililonifanya nisifike mwisho kila nilipojaribu kusimulia.

Nilitaka amuulize hivi: yule Marko wa chuoni, mliyekuwa mkibishana mpaka taa zinazimwa, unamkumbuka? Yupo hapa. Amekuja.

Gaudensi aliuliza vizuri, kwa maneno mengi kuliko niliyompa. Nilisimama mahali ambapo macho ya Desideri yangenipata kirahisi. Yalitulia. Tukangoja. Aliuliza tena. Yakatulia. Mara ya tatu Gaudensi alibadilisha sauti, akamwomba kabisa, nikamwona anamgusa shavu. Macho yalikuwa wazi, yananitazama, na hayakupanda.

"Amechoka, Mwalimu," alisema Gaudensi. "Jana tumemchosha."

Inawezekana amechoka. Inawezekana miaka ile ya chuo, iliyokuwa ya Kiswahili na Kiingereza, imefutika yote, na mimi nimefutika nayo. Au anakumbuka sana, na amekasirika kwamba nilikaa miezi minane bila kuja mpaka nilipoitwa kama mtaalamu. Mlioniambia "angalau umepata jibu" mna haki. Nilikwenda kuuliza kama mle ndani kuna mtu, na nikajibiwa kuliko nilivyowahi kujibiwa maishani. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kuwepo kabisa, mzima, anachagua shati, na bado asiwepo kwangu.

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Nikamwambia kwaheri kwa Kiswahili, lugha pekee niliyokuwa nayo ya kumwambia.

Kurudi

Atupele na mimi tulipanda basi moja mpaka Mbeya. Hakuwa anahama, alikuwa anakwenda kuripoti na kupeleka barua ya kuomba kituo karibu na kijiji. Njia nzima alikuwa anarudia maneno ya Kifipa kwenye daftari langu, kwenye kurasa zilizobaki. Alishuka stendi, tukaagana, na kutoka hapo nilisafiri nikitazama dirisha. Sikumbuki Kitonga. Nyumbani nilifika nikafungua mlango, nikasema hodi kwa mazoea, nikaingia.

Uhamisho wake umekubaliwa. Yuko kule sasa. Gaudensi naye ameniambia kwamba wiki ya tatu, alipouliza tena kuhusu msamaha, macho yalipanda. Vikao vya ukoo vinafanyika chumbani bado, ila sasa Desideri anaulizwa.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Atupele ananipigia, anaweka simu sikioni mwa mumewe. Mama alinifundisha sentensi moja, naisema polepole: mimi ni Marko, unanijua? Kisha nanyamaza. Macho siyaoni, inabidi ningoje mtu mwingine aniambie. Nasikia kuku, nasikia upepo kwenye bati, na pumzi ambayo nadhani ni yake. Juzi nilikosea silabi, Mama akacheka huko nyuma, akanisahihisha, nikarudia. Tukangoja muda mrefu kuliko siku zote. Halafu Atupele akachukua simu.

"Bado, shemeji," alisema. "Jaribu tena."